Tyubu Tunazo, Lakini Sabaki Hatukupeleki

Kaskazi ikishaingia na wageni wakajaa mjini, simu ya duka letu huanza kupokea swali moja kwa sauti tofauti. Leo ni Mtaliano aliyezoea kuvua trauti katika mito ya milima ya kwao, kesho ni kijana wa Nairobi aliyejinunulia ufito mpya wa kuvulia na hajaulowesha bado. Ameangalia ramani, ameona mto mkubwa unaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi, na mawazo yamemjia hapo hapo: "Mnakodisha zile tyubu za kukalia majini? Nataka niingie pale darajani, nichukuliwe na mkondo polepole mpaka mdomoni, huku narusha mshipi."

Tyubu tunazo, mbili, zinaning'inia ukutani nyuma ya meza ya kulipia. Kwa hiyo mtu akizikuta pale kisha akaambiwa hapana, anaona kama tunamfanyia maringo. Mmoja alitaka kulipa mara tatu. Mwingine alisema tunaogopa tu kuchafua mali yetu kwa tope. Nimeona niandike sababu zote mara moja, ili mtu azisome akiwa amekaa, badala ya kubishana nami mlangoni jua likituwakia.

Kwanza tuelewane juu ya kifaa chenyewe, maana kuna wanaodhani ni boti. Zamani ilikuwa ni mpira wa ndani wa tairi la lori, ukawekewa kiti cha turubai katikati, mvuvi akaingiza miguu na kukaa. Za siku hizi zina umbo la herufi U, zina vyumba viwili au zaidi vya hewa, kiegemeo na mifuko ya vifaa, lakini mambo ni yale yale: makalio yako yako usawa wa maji, mapaja na miguu iko ndani ya maji, na miguuni umevaa mapezi ya mpira kama ya wapiga mbizi. Ukipiga mapezi unakwenda kinyumenyume. Kwenda mbele ni shida, kasi ni ya mtu anayetembea akiwaza madeni, na mikono yote miwili imebaki huru kushika ufito. Kwa kazi yake ni kifaa kizuri sana. Kazi yake ni ziwani, kwenye maji yaliyosimama.

Mtoni mambo hugeuka. Mkondo wa kawaida kabisa, ambao ukiwa ukingoni unauona ni mpole, hukimbia kuliko miguu yako. Ukitaka kusimama huwezi, kwa sababu mguu ukikwama kati ya mawe au kwenye gogo lililozama, maji yanaendelea kukusukuma mgongoni na kukulaza kifudifudi. Ukitia nanga ni vibaya zaidi: kamba hukaza, mkondo hukandamiza tyubu, unapinduka. Na mti ulioangukia mtoni ndio mtego mkubwa kuliko yote. Maji hupenya kati ya matawi, wewe hupenyi. Hayo ni kwa mto wowote duniani, hata usio na mnyama.

Sasa tuje Sabaki.

Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukikutana na mto Tsavo unaitwa Galana, na ukifika kwetu tunauita Sabaki. Njiani umepita Ukambani na kuzoa udongo mwekundu wa kutosha kujenga mji. Ndiyo maana mvua zikinyesha bara, bahari yetu hubadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa. Wakati wa kusi doa lile la tope husukumwa kuelekea Mambrui na kwingineko kaskazini. Wakati wa kaskazi hurudi kusini na kuingia ghuba ya Malindi, na hapo mahoteli huanza kujibu maswali ya wageni kwa nini maji si buluu kama ya kwenye picha.

Kwa mvuvi wa trauti, tope hilo ni jambo la kwanza la kufikiria, kabla ya mnyama yeyote. Uvuvi wenu ni wa macho. Samaki aione ile ndoana ya manyoya, aidhanie mdudu au samaki mdogo, aamue kuifuata. Katika Sabaki, ukitia mkono mpaka kiwiko huoni vidole vyako. Samaki wanaoishi humo wamejipanga kwa maisha hayo: kambare hupapasa kwa ndevu na kunusa, mkunga hutembea usiku kwa pua. Ukiwatupia ndoana yako nzuri ya manyoya uliyoifunga kwa saa nzima chini ya taa, ni kama kumwonyesha picha mtu aliyefumba macho. Kipande cha utumbo wa kuku kitakushinda.

Na trauti mwenyewe hayuko. Nasema hivi kwa upole kwa sababu wapo wanaosikitika kweli. Trauti ni samaki wa baridi. Yule wa upinde wa mvua hustawi kwenye maji ya nyuzi 10 mpaka 16 hivi, na maji yakikaribia nyuzi 25 huanza kufa. Maji baridi hubeba hewa zaidi: ya nyuzi 10 huweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 28 hayafiki 8. Bahari yetu hapa hucheza kati ya nyuzi 25 na 30. Ukimleta trauti Malindi akiwa hai, hatamaliza safari ya kutoka stendi mpaka Silversands.

Ila kuna jambo linalonifurahisha kila nikiliwaza. Mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland, yakaishia mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Ndio mwanzo wa trauti Kenya. Gura humwaga maji yake Sagana, na hiyo ndiyo Tana. Tana hupita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hupita Garissa na Garsen, kisha huja kuingia baharini Kipini, kati yetu na Lamu. Kwa hiyo maji ya trauti hutufikia Pwani, yamechoka na yamepata joto. Trauti amebaki juu. Sabaki haina hata undugu huo. Athi na Tana ni mito miwili.

Haya, wanyama. Mamba wapo Sabaki, na watu wameumizwa nao, wengine hawakurudi. Mamba huwinda kwa kuvizia chini ya maji. Wewe umekaa juu ya mpira, miguu yako miwili inaning'inia kwenye maji usiyoyaona ndani, na unaipigapiga. Sitaongeza neno hapo.

Kiboko ndiye wageni humdharau, kwa sababu mchana wanamwona amelala kama jiwe pale karibu na mdomo wa mto na wanampiga picha. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurudi alfajiri. Huweza kukaa chini ya maji dakika tano hivi bila kupumua, akaibuka pale asipopendezwa na jirani. Na mvuvi wa trauti hutaka kuingia majini saa ngapi? Alfajiri, na tena magharibi. Yaani mnapishana mlangoni, na mwenye nyumba ana uzito wa gari. Kiboko hapigani na wewe kwa njaa, anapigana kwa sababu umemkatia njia ya kurudi kwenye kina. Ukiwa kwenye mashua yenye injini una nafasi ya kuondoka. Ukiwa kwenye tyubu, kinyumenyume, kwa kasi ile niliyoisema, huna.

Anayetaka kuuona mdomo wa Sabaki tunampeleka kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa, na mwenyeji wa kijiji anayejua viboko wamelala upande gani siku hiyo. Ni mahali pazuri mno. Kuna siku heroe wamejaa kwenye tope mpaka ukingo unakuwa wa waridi, na ndege wa mbali wanaokuja kupumzika wakati wa baridi ya kwao. Ufito unauacha dukani.

Msije mkadhani haya nimeyasoma tu. Tulipozinunua tyubu hizi, mimi mwenyewe nilijiambia: sawa, Sabaki hapana, lakini kule Ngomeni kuna mkono wa bahari umeingia ndani ya mikoko, maji yake ni ya chumvi, kiboko sijawahi kumwona. Nikachagua siku ya bamvua, siku za maji makubwa, maji yamejaa, asubuhi, upepo umelala. Maji yalitulia kama ya mtungini. Nikaketi, nikapiga mapezi, nikarusha mshipi mara kumi, na nikajiona nimegundua biashara.

Kisha maji yakaanza kutoka. Mtu wa Pwani nimezaliwa nayasikia haya maneno, kupwa na kujaa, na bado nilisahau kuyatilia maanani nilipokuwa na kichezeo kipya. Wakati wa bamvua bahari yetu hushuka zaidi ya mita tatu kwa muda wa saa sita, na maji yote yaliyoingia mikokoni hutoka kwa mlango mmoja. Nilikuwa nimeuchagua mkoko mmoja mkubwa kama alama. Nikapiga mapezi kwa nguvu zangu zote. Mkoko ukabaki pale pale. Nikapumzika kidogo, mkoko ukaanza kuniaga. Mapaja yaliwaka moto. Nilijaribu kusogea ukingoni, nikakumbuka kuwa mizizi ya mikoko imejaa chaza, na chaza ni wembe, nami nimekalia hewa.

Mzee mmoja alikuwa anashuka na mtumbwi wake, anapiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, taratibu. Hofu haikunitoa adabu, nikapaza sauti, "Shikamoo mzee!"

"Marahaba mwanangu. Umekalia nini hicho?"

"Tyubu, mzee."

"Na pondo yako iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Aliniambia nishike ukingo wa mtumbwi nisithubutu kupanda, maana ningetupindua sote, akanivuta mpaka kwenye mchanga. Sikumwona akicheka mpaka tulipofika nchi kavu, na hapo alicheka kweli kweli. Alichotaka kama malipo ni kuishika ile ndoana. Akaigeuzageuza, akaniambia ndoana ya manyoya si jambo geni, wavuvi wa hapa hufunga manyoya ya kuku au kitambaa cheupe wanaporambaza, yaani wanapokokota mshipi nyuma ya chombo. Kigeni kwake kilikuwa mshipi: mnene hivi, na chubwi, ile risasi ya kuuzamisha, iko wapi?

Swali lake ndilo hasa linaloutofautisha uvuvi huu. Katika mshipi wetu wa kawaida chubwi ndiyo inayobeba chambo, mshipi unafuata. Huku hakuna chubwi. Mshipi wenyewe ndio mzito, ndio unaorushwa nyuma na mbele hewani mpaka ukanyooka, na ile ndoana nyepesi inaufuata kama mkia wa tiara. Ndiyo sababu kukaa chini usawa wa maji ni taabu: mshipi ukirudi nyuma unagonga maji, mwendo unakufa, na mbele yako unaanguka kama tambi. Ukisimama kwenye mtumbwi au dau, umepata kama mita moja ya ziada bila kulipa kitu.

Mzee huyo sasa ndiye nahodha wetu wa Ngomeni, na huduma tunayoiuza ilizaliwa kwenye mchanga ule. Wewe unasimama mbele na ufito, yeye anasimama nyuma na pondo. Hakuna injini, hakuna kelele. Pondo ikichomekwa kwenye tope, dau limesimama, ikichomolewa, linateleza. Tyubu haiwezi hata moja kati ya hayo.

Saa za kuondoka hupangwa na maji, si na kifungua kinywa cha hoteli, na hapa ndipo tunapogombana kidogo na wateja. Kuna nafasi mbili nzuri. Ya kwanza ni maji yanapoanza kujaa, samaki wanafuata ukingo wa maji kuingia mikokoni kula kaa wadogo na kamba. Unawaona migongo. Mkizi huruka, na mtu wa Pwani akimwona mkizi anaruka lazima aitaje ile methali ya hasira zake na furaha ya mvuvi. Sisi tumewekeana faini ya soda kwa atakayeisema. Ya pili, na mimi naipenda zaidi, ni saa mbili za mwisho za maji kutoka. Kila kijito cha mikokoni kinamwaga maji kwenye mkondo mkubwa, na pamoja na maji vinatoka vidagaa na kamba waliochelewa. Kolekole wanajua. Wanakaa pale kijito kinapokutana na mkondo, vichwa vimeelekea maji yanakotoka, kama watu waliopanga foleni ya mandazi. Unatupa ndoana ndani ya kijito, unaiacha ishuke na maji, ikifika mdomoni unaanza kuivuta kwa mkono wa kushoto, kifupi kifupi, upesi.

Hapo wavuvi wa trauti hukosea wote. Trauti akigusa, umezoea kuinua ufito juu. Kwa kolekole ukiinua ufito unamtoa ndoana mdomoni, kwa sababu mdomo wake ni mgumu na ufito ni mlaini. Acha ufito umemwelekea samaki, vuta mshipi kwa mkono mpaka usikie kizito, ndipo uinue. Tunalisema hili ufukweni, tunalirudia njiani, na bado samaki wa kwanza wa kila mteja huondoka zake. Wa pili hubaki.

Ufito wako wa trauti, ule namba 4 au 5 (namba ni uzito wa mshipi unaourusha), uache nyumbani au uje nao tuutumie kwa mazoezi mchangani. Huku tunatumia namba 8 na 9, si kwa sababu samaki ni wakubwa siku zote, bali kwa sababu ya upepo. Kusi ikishika, kuanzia Mei hivi mpaka Septemba, kuna siku mshipi unarudi kukupiga usoni. Siku hizo tunakwambia ukweli tunakurudishia pesa au tunahamisha tarehe. Januari mpaka Machi ndiyo miezi ninayoisifia bila kujiuma: mto uko chini, tope limetulia, upepo una adabu. Tena ukiwa Ngomeni na hewa ni safi, utayaona baharini yale majukwaa ya San Marco ambako Waitaliano walirusha setilaiti, mojawapo ile iliyopewa jina Uhuru kwa sababu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Wateja wetu Wataliano hupiga picha hapo kuliko wanavyopiga samaki.

Viatu ni lazima, vyenye soli ngumu. Tukishuka kutembea kwenye maji ya magoti, usinyanyue mguu. Buruza unyayo, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani akusikie na aondoke. Zile suruali ndefu za mpira za mtoni usije nazo kabisa. Ni za maji baridi, na ndani ya robo saa utakuwa umejipika. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, hakuna kuvua, na hatutafuti njia za pembeni. Kwingineko tunapita kwa BMU ya mahali, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, tunasema tumekuja na nani na tunatoa kilicho chao. Samaki mdogo anarudi majini. Mkubwa mmoja wa kula unaweza kubaki naye, na jioni akakaangwa au akapikwa wa kupaka, utakavyo wewe na mpishi wako.

Sasa tyubu zetu zinafanya nini ukutani? Zinakodishwa, ila kwa safari ya bara tu. Kila mwaka kuna watu wa Malindi na wageni wanaopitia kwetu kabla ya kupanda Mlima Kenya, na kule kuna maziwa yenye trauti wa upinde wa mvua: Rutundu, Alice, Ellis. Yako zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Rutundu wengine wanaijua kwa sababu ndiko Mwanamfalme William wa Uingereza alikomposa Kate mwaka 2010. Kwenye ziwa kama hilo tyubu ni malkia. Ukingo una matete na vichaka ambavyo mshipi hunasa, samaki wako mbali, maji yamesimama, mnyama wa kukutafuna miguu hayupo.

Mito ya huko ni hadithi nyingine. Mteja mmoja aliikodi tyubu akaibeba mpaka Nyeri akitaka kuitia mtoni. Alipofika aliukuta mto wa kuvuka kwa hatua kumi, mawe makubwa kama majiko, maji yanapiga kelele. Akapiga simu kuuliza aingilie wapi. Nikamwambia aiache kwenye gari. Mto wa trauti Kenya huvuliwa kwa miguu, unapanda kwenda juu, kwa sababu trauti hukaa ameelekeza kichwa kunakotoka maji akisubiri chakula kiletwe. Ukija kutoka nyuma yake hakuoni. Unatupa ndoana mbele yake, inaletwa na maji. Ukishuka na mkondo umekaa kwenye mpira, umemtisha kila samaki kabla hujamfikia.

Anayekodi tyubu kwetu anapewa somo la nusu saa, na hakuna punguzo kwa kulikataa. Tunaijaza hewa mbele yako, tunapaka maji ya sabuni kwenye mishono na vali, tukiona povu linachemka tunaziba. Kisha tunaitoa hewa yote. Usiisafirishe imejaa: hewa uliyoipuliza usawa wa bahari hutanuka ukipanda mlimani, na mshono ukiachia huko hakuna fundi. Ukishaijaza ziwani, ijaze mpaka iwe ngumu, iweke majini dakika kumi, utaikuta imelegea kwa baridi, ongeza. Ukitoka majini kwenda kula, usiiache juani, au ipunguze hewa, la sivyo itapasuka yenyewe kama chapati iliyofura. Laifu jaketi linakwenda pamoja na tyubu, halikodishwi peke yake wala halibaki dukani. Kule suruali ya mpira ni lazima, na mkanda wake uukaze kiunoni, ili ukipinduka maji yasijae miguuni. Na chukua nguo nzito. Binamu yangu alikwenda Ellis na sweta moja ya kuazima, akalala amevaa kila alichokuwa nacho, kikoi na taulo juu.

Wanaojifunza kurusha tunawafundishia ufukweni maji yakikupwa, jioni, jua likishuka. Huhitaji samaki kujifunza. Tunafunga kipande cha uzi mwekundu mahali pa ndoana, tunaweka ndala mchangani, unalenga ndala. Watoto wa ufukweni watakuzunguka na kukupa ushauri kwa Kiswahili na Kitaliano, na mara nyingi ushauri wao ni sahihi.

Dau moja hubeba wavuvi wawili, si watatu, kwa sababu mishipi mitatu hewani ni masikio matatu yenye ndoana. Tunahitaji kujua mapema una uzito gani na kama unaogelea, na usione haya kujibu. Ukituma ujumbe, taja tarehe mbili badala ya moja, tuangalie bamvua na maji mafu, siku za maji madogo, tukuambie ipi ina faida. Vifaa vyetu tunavisuuza kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi kila tukirudi. Vyako tutakusuuzia pia, bure, maana nimeona rili za gharama kubwa zikishikana kutu ndani ya wiki moja kwa uvivu wa ndoo moja ya maji.

Safari ya mdomo wa Sabaki kwa miguu huondoka kila maji yanapokupwa mchana. Mzee wa pondo hapatikani Ijumaa mpaka baada ya sala.